Kwa nini malaria humpitia huyu na kumwangusha yule?

Wiki hii najibu swali la mama mmoja wa Vudee, wilayani Same. Nimelisikia kwa sura nyingi tangu nianze kazi ya udaktari, na naamini wasomaji wengi wa safu hii nao wamewahi kujiuliza.

Binti yake wa miaka sita, aliyezaliwa na kukulia Vudee, alishuka tambarare kwa bibi yake wakati wa likizo ya Desemba. Huko alilala kitanda kimoja na mtoto wa mama yake mkubwa, aliyekulia hukohuko chini. Chandarua kilikuwapo, ila kilikuwa kimechanika. Kabla likizo haijaisha, watoto wote wawili walishikwa na homa, na kipimo kikaonyesha malaria kwa wote.

Yule wa tambarare alimeza dawa mseto, siku ya tatu akawa anakimbizana na wenzake uani. Yule wa Vudee alipata degedege usiku. Alikimbizwa hospitali, akachomwa sindano za malaria kali na kuongezewa damu. Alipona, tunashukuru. Lakini maneno yalikuwa yameshaanza katika ukoo: mbona huyu tu? Nani kamwonea kijicho?

"Daktari," mama yule aliniambia, "mbu ni walewale, kitanda ni kilekile. Kwa nini wa kwangu?"

Swali hilo linastahili jibu la kitaalamu, maana pasipo na jibu hapo ndipo lawama huota mizizi na ndugu wakaacha kusalimiana. Jibu fupi ni hili: kijidudu peke yake hakiamui mwisho wa ugonjwa. Mahali mtu alipokulia huchangia, damu aliyorithi kwa wazazi wake huchangia, virusi vilivyomo mwilini mwake huchangia, na muda aliochukua kufika hospitali huchangia. Kwa bahati, sehemu ya ushahidi wa haya imepatikana palepale katika milima ya Pare na majirani zake.

Mlima wenyewe ni somo

Anayeijua njia ya kutoka Makanya kupanda milimani anajua jinsi hali ya hewa inavyobadilika. Chini ni joto, vumbi na mkonge. Ukipita Bangalala na kuendelea kupanda, unaanza kutafuta sweta. Maji ya mto Vudee huteremka njia hiyohiyo, watu wakigawana kwa zamu na kuyahifadhi katika ndiva. Kadiri unavyopanda baridi huongezeka, na kimelea cha malaria hakipendi baridi. Hali ya hewa ikipoa, kimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kuambukiza.

Watafiti waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi mkubwa wa malaria wa Pare-Taveta, uliogusa upande wetu na upande wa Kenya. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini kati ya mwaka 1955 na 1959, na malaria ilishuka sana. Upuliziaji uliposimama watafiti waliendelea kufuatilia, wakaona ugonjwa ukirudi polepole.

Miaka mingi baadaye, watafiti walipima watu katika vijiji 24 vya kaskazini mashariki mwa Tanzania vilivyo katika miinuko tofauti, vikiwamo vya milima ya Pare na Usambara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Mbali na kutafuta vimelea, walipima pia askari wa mwili waliobaki kwenye damu kama kumbukumbu ya maambukizi ya zamani. Kwa ujumla, kadiri kijiji kilivyokuwa juu, ndivyo vimelea na kumbukumbu hizo vilivyopungua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukua kinyume. Kukulia mahali pasipo na malaria ni baraka, lakini mwili wako haujafundishwa kupigana nayo. Mtoto wa tambarare aliyeumwa mara kadhaa akiwa mdogo hujijengea kinga kidogokidogo. Haimzuii kuambukizwa, ila humpunguzia makali. Mtoto wa mlimani hana mafunzo hayo, na mzazi wake huenda naye hana.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa wa malaria kali katika hospitali 10 za ukanda huu huu wa kaskazini mashariki. Kwenye maeneo ya chini yenye malaria nyingi, waliolazwa walikuwa hasa watoto wachanga wenye upungufu wa damu. Kwenye maeneo yenye malaria kidogo walilazwa watoto wakubwa na hata watu wazima, wengi malaria ikiwa imepanda kichwani, na aliyelazwa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kwa hiyo mama yule wa Vudee alikuwa na sehemu ya jibu lake mkononi. Mbu walikuwa walewale. Miili iliyoumwa ndiyo iliyotofautiana.

Kinachorithiwa kwenye damu

Sehemu ya pili iko kwenye vinasaba, yaani yale maelekezo tunayorithi kwa baba na mama yanayouambia mwili namna ya kujijenga.

Mwaka 1954 daktari aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Aligundua kwamba watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu walikuwa wengi katika maeneo yenye malaria kali, kama kando ya Ziwa Victoria na pwani, na walikuwa wachache mno katika jamii za nyanda za juu na maeneo makavu. Akaonyesha pia kwamba watoto wenye kinasaba hicho kimoja hawakusumbuliwa sana na malaria. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa wazi kwamba ugonjwa wa kuambukiza umechagua nani abaki, na kuacha alama yake katika damu ya binadamu.

Tafiti za baadaye, zikiwamo za Kilifi nchini Kenya, zilithibitisha: mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, tunayemwita AS, ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Kimelea kikiingia kwenye seli nyekundu za damu yake hakistawi vizuri, na bandama huziondoa seli hizo mapema. Kuna pia hali ya kurithi iitwayo alfa-talasemia, ambayo imechunguzwa katika vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania na kwingineko, nayo hupunguza makali ya malaria.

Sasa fikiria watu ambao mababu zao waliishi milimani vizazi na vizazi, mahali ambapo malaria haikuwa na nguvu. Kinasaba cha selimundu hakikuwa na faida kwao, hivyo hakikuenea sana. Mtu wa milimani anaposhuka, mara nyingi anakosa ngao zote mbili: ile ya kujifunza na ile ya kurithi.

Lakini ngao hii ina gharama kubwa. Baba akiwa AS na mama akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto aliyerithi selimundu pande zote mbili. Huyo ni SS, mgonjwa wa selimundu. Na hapa ndipo watu wengi huchanganya: AS analindwa na malaria, lakini SS malaria ni adui yake mkubwa. Damu yake tayari ni pungufu, na malaria ikiingia huishusha zaidi kwa saa chache.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takriban 11,000 kila mwaka. Na siku hizi hakuna tena ukoo wa mlimani usio na wakwe wa pwani, wa Kanda ya Ziwa au wa Tabora. Vijana wa Upare wanasoma, wanafanya kazi na kuoa kila mahali. Kusema "kwetu hatuna ugonjwa huo" si hoja ya kukwepa kipimo.

Kirusi ambacho karibu sote tunacho

Sehemu ya tatu ndiyo inayoshangaza zaidi, nayo imeanzia hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda, alieleza uvimbe wa ajabu kwenye taya za watoto. Ulikuwa saratani, na ulikua kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari na kusafiri maelfu ya kilomita, wakipita hospitali moja baada ya nyingine za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza kila mahali kama uvimbe huo umeonekana. Walipochora ramani waliona mstari: karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa nadra sana katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi. Mpaka wa saratani ulifanana na mpaka wa mbu.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikuta kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe huo. Kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Wengi walidhani mwizi amekamatwa. Kumbe sivyo: uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi hicho kimo ndani ya karibu kila binadamu. Huambukizwa kwa mate, na hapa kwetu watoto wengi hukipata wakiwa bado wadogo sana. Baada ya hapo hujificha kwenye seli nyeupe za damu maisha yote, na wengi wetu hakitusumbui kabisa.

Kama sote tunacho, kwa nini saratani ni ya wachache? Hapa nawaomba wasomaji wangu wa Upare wafikirie makande. Mahindi peke yake si makande, na maharage peke yake si makande. Kirusi peke yake hakileti saratani hii, na malaria peke yake haileti. Mtoto akipata kirusi mapema kisha akaumwa malaria mara kwa mara, malaria huzisukuma seli zilizobeba kirusi zizaliane kwa wingi, na wakati huohuo hudhoofisha askari wanaozidhibiti. Katika kuzaliana huko kwa haraka, seli moja inaweza kukosea wakati wa kunakili vinasaba vyake. Kosa likiangukia kwenye kinasaba kinachoamuru seli kukua, breki zinakatika.

Naomba tuelewane vizuri hapo. Kosa hilo limetokea ndani ya seli moja ya mtoto baada ya kuzaliwa. Halikutoka kwa baba wala kwa mama, na uvimbe wenyewe hauambukizi.

Ushahidi umeendelea kukusanywa. Nchini Kenya, watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria nyingi, na wa nyanda za juu za Nandi. Wale wa Kisumu walipata kirusi cha Epstein-Barr wakiwa wadogo zaidi. Hapa Tanzania, huko Mara Kaskazini, kuanzia mwaka 1977 watoto waligawiwa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza saratani. Saratani ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, na baadaye vimelea vikawa sugu kwa klorokwini, hivyo jibu halikuwa safi.

Jibu safi zaidi limekuja kwa njia ya vinasaba. Utafiti uliojumuisha watoto wa Uganda, Tanzania na Kenya, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba watoto wenye kinasaba kimoja cha selimundu walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata saratani hii. Tazama mnyororo huo: kinasaba cha damu kinazuia makali ya malaria, malaria ikipungua kirusi kinakosa msaidizi, na mtoto anaepuka saratani ya taya. Damu, vimelea na kirusi, vyote vitatu vimekutana katika mwili mmoja.

Vinasaba si hukumu

Najua baadhi ya wasomaji watasema: basi kama ni damu, hakuna la kufanya. Hapana. Ukisoma tafiti hizi kwa makini zinasema kinyume chake.

Kwanza, kinasaba huongeza au hupunguza uwezekano, hakikati kesi. Mtoto mwenye AS anaweza kufa kwa malaria akicheleweshwa, na mtoto asiye na ngao yoyote anaweza kuishi miaka 90 akilala ndani ya chandarua. Hata wagonjwa wa selimundu hawafanani. Watafiti wa Muhimbili wakiongozwa na Profesa Julie Makani wamechunguza vinasaba vinavyofanya baadhi yao waendelee kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama. Wenye nayo kwa wingi kwa kawaida huugua kidogo. Na uzuri wa elimu hiyo ni kwamba ipo dawa, haidroksiyurea, inayoweza kuipandisha kwa wale ambao hawakubahatika kuirithi. Hutolewa na kufuatiliwa na daktari; si dawa ya kununua kiholela.

Pili, kila sehemu ya mnyororo niliyoitaja ina mahali pa kukatia. Hatuwezi kubadili damu ya mtoto wala kukiondoa kirusi cha Epstein-Barr, lakini malaria tunaweza kuizuia, nayo ndiyo inayovifunga vyote pamoja.

Unapojiandaa kushuka

Kwa wazazi wa Vudee, Mbaga, Chome, Usangi na kokote kwenye baridi, naomba mzingatie haya.

Mtoto anaposhuka tambarare, hata kwa siku tatu za msiba au harusi, chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi lake kama zilivyo nguo zake. Usitegemee cha mwenyeji. Hali ni hiyohiyo kwa kijana anayeenda shule ya bweni na kwa mtu mzima anayeenda kutafuta kazi. Mjamzito ana hatari zaidi. Akamwone mhudumu wa kliniki kabla ya safari.

Akirudi mlimani, hesabu mwezi mzima. Malaria haitokei siku ya kuumwa na mbu; kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Homa ikija, mwambie mhudumu wa zahanati sentensi hii moja: "Alikuwa tambarare." Inaweza kuokoa maisha, kwa sababu mahali ambapo malaria ni adimu ni rahisi isifikiriwe. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, Tabora ikifikia asilimia 23, huku Kilimanjaro ikiwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango kidogo kabisa.

Kwa upande mwingine, usimeze dawa ya malaria bila kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ulionyesha kwamba chini ya nusu ya waliotibiwa kama wagonjwa wa malaria kali ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine uliohitaji tiba nyingine. Mwaka 2014 uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi, na maambukizi ya virusi kwa takriban saba kati ya kumi. Kipimo cha haraka huchukua dakika chache tu.

Mtoto mwenye homa akipata degedege, akiwa mweupe viganjani, akihema kwa shida, akitapika kila kitu au akilegea asiamke vizuri, usisubiri kukuche. Hapo kila saa ina thamani.

Mnapopanga kuoana, au mkiwa tayari na mtoto anayevimba vidole na kulia maumivu ya mifupa, ulizeni kipimo cha selimundu. Ni tone la damu. Majibu yawe yenu wawili, yasigeuzwe fimbo ya kumchapia mwanamke. Mtoto hawezi kuwa SS bila baba na mama wote kuchangia.

Na ukiona taya la mtoto limevimba na uvimbe unaongezeka siku hadi siku, meno yakilegea, jicho likijitokeza au tumbo likijaa upande mmoja, usikimbilie kung'oa jino wala kuchanja chale. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Omba rufaa upesi kwenda hospitali kubwa kama KCMC, Bugando au Muhimbili, ambako kinyama kidogo kitachukuliwa na kupimwa. Kasi hiyo ya kukua, ambayo ndiyo hatari yake, ndiyo pia inayoufanya uvimbe uyeyuke haraka kwa dawa za saratani, na watoto wengi hupona wakiwahi.

Mama wa Vudee aliponiuliza kwa nini wa kwake, sikuweza kumwambia ni kipi hasa kati ya hivi kilichomlemea binti yake zaidi; kwa mgonjwa mmoja mara nyingi haiwezekani kujua. Nilichoweza kumwambia kwa uhakika ni kwamba hakuna shangazi wala jirani aliyehusika. Kulikuwa na mbu, chandarua kilichochanika, na mwili mdogo ambao haukuwahi kukutana na adui huyo. Cha kushona hapo ni chandarua.